Mwaka Kibanda Kilipohamia Kaloleni

Majani ya mgomba yakikatwa asubuhi, ikifika saa nane mchana huanza kutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine chochote. Si harufu ya ubichi, wala si ya ukavu. Iko katikati, kama chai iliyosahaulika kikombeni, na ndani yake kuna utamu kidogo wa utomvu. Juzi nilipita sokoni nikakuta mama mmoja amefunika mikungu yake ya ndizi kwa majani hayo, na jua limeshayalegeza. Nilisimama mbele yake muda mrefu mpaka akaniuliza, "Dada, unanunua au unasali?" Nikanunua ndizi ambazo sikuzihitaji. Ningemwelezaje kwamba harufu ile imenirudishia wivu wangu wa utotoni, mzima kama nilivyouacha?

Ninyi nitawaeleza, kwa sababu hamnioni usoni. Majina nimeyabadili, hata langu. Hapa niiteni Miriamu.

Sisi ni Wayahudi wa Arusha. Najua sentensi hiyo huwafanya watu waniangalie mara mbili. Chuoni nilikuwa nikiisema, kisha siku nzima najiuliza kama nimeisema kwa kujigamba au kwa kuomba radhi. Tuko wachache. Baadhi ya babu zetu walitoka Yemeni kwa biashara ya ngozi na kahawa, wakaoa huku, wakazaa huku, wakazikwa huku. Nyumba yetu ya sala ni nyumba kama nyumba nyingine, na hata ua wake umeezekwa bati. Mwezi wa tisa au wa kumi, mijakaranda inapoanza kuchanua na vumbi limetanda kila mahali, sikukuu zetu hufuatana kwa haraka: Mwaka Mpya, Siku ya Upatanisho, halafu Sikukuu ya Vibanda. Majirani wakisikia baragumu likipigwa hawaulizi tena. Husema tu, "Basi vuli iko karibu."

Lakini kwetu sikukuu haikuanza na baragumu. Ilianza na kapu.

Alfajiri moja kabla ya Mwaka Mpya, Mama alikuwa akifungua mlango wa chumba chetu Kaloleni na kukuta kapu kizingitini. Halikuwa na jina. Huo ni utaratibu wa tangu zamani katika jamaa yetu: mwenye nacho hutoa, asiye nacho hupata, na katikati yao hakuna uso. Mzee wetu wa sala, Babu Yosefu, alikuwa akisema, "Ukitoa huku unatazamwa, umenunua. Hujatoa." Ndani mlikuwa na unga, mchele, mafuta, chupa ya asali, na mara nyingi nguo.

Utaratibu huo ulikuwa mzuri sana kwa watu wazima. Kwa mtoto mwenye macho ulikuwa bure kabisa. Asali ile ilikuwa nyeusi, ya nyuki wa mlimani, na katika jamaa yetu mtu mwenye mizinga alikuwa mmoja tu: Baba Debora, aliyekuwa na nyumba na shamba juu, upande wa Ilboru. Na gauni la rangi ya machungwa lenye lasi shingoni nilikuwa nimeliona mwaka mzima mwilini mwa Debora mwenyewe.

Debora tulikuwa rika moja. Siku ya Mwaka Mpya niliingia nyumba ya sala nimevaa gauni lile. Aliliangalia, kisha haraka akahamishia macho yake dirishani. Hakusema kitu. Hakusema siku hiyo, hakusema kamwe. Laiti angesema! Angenitania hata kidogo, ningemrudishia, tungegombana na kumaliza. Lakini alikuwa amefundishwa vizuri, na mafunzo yake yalinichoma kuliko tusi.

Msidhani niliwaonea wivu kwa nyumba yao yenye vigae, au ng'ombe wao wa maziwa, au ngazi zile za ndani ambazo Debora alikuwa akizishuka kwa kuteleza. Hayo niliyaonea wivu pia, sikatai, ila kidogo kidogo, kama mtu anavyojikuna. Nililowaonea wivu hasa, wivu wa kukosa usingizi, ni kutoa kwenyewe. Wao kila mwaka walitoa. Sisi kila mwaka tulipata. Baba yangu alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya umeme la mtu mwingine, Mama alishona sare za shule barazani, na siku ya sikukuu Baba alikuwa akitembea nyuma kidogo ya wanaume wenzake, mabega yameshuka, kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi. Nilitaka jambo moja tu maishani: siku moja, hata siku moja, wao wawe wageni na sisi tuwe wenyeji.

Kibanda ndicho kilichonitesa zaidi. Kama hamkijui, ni hivi. Kwa siku saba tunakula nje ya nyumba zetu, chini ya kibanda cha muda, kukumbuka wazee wetu walivyokaa jangwani bila paa la kudumu. Kuta ziwe za chochote. Paa ndilo lenye masharti: liwe la mimea iliyokatwa, na lifumwe kwa uwazi kiasi kwamba usiku ukiinua macho unaona nyota. Kati ya paa hilo na mbingu pasiwe na kitu kingine. Jamaa yetu haikuwa na uwezo wa kujenga kila mtu chake, kwa hiyo tulijenga kimoja, na tangu nizaliwe kilijengwa uani kwa Baba Debora, kwa nguzo za Baba Debora, kikaezekwa majani ya migomba ya Baba Debora. Sisi tulipanda mlima kwa miguu, maana siku ya sikukuu hatupandi gari, tukafika tumejaa vumbi, na Debora akatupokea getini na jagi la maji ya kunawa.

"Karibuni kwetu," alikuwa akisema.

Kwetu. Neno hilo nililifanyia mazoezi chooni, kwa sauti ndogo, mlango nimeufunga.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nne. Asubuhi ya mkesha wa sikukuu, kabla utakatifu haujaingia, tulipanda Ilboru kwa gari la mtu kwenda kusaidia mapambo. Tukakuta Baba Debora ameshajenga. Safari hii hakukijenga mahali pa siku zote, penye uwazi mbele ya jiko. Pale alikuwa amemwaga tofali, rundo kubwa, akisema anataka kuongeza chumba. Kibanda kilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, kizuri kuliko miaka yote. Majani yalikuwa mapana na mabichi, na Debora alikuwa akining'iniza makomamanga ya karatasi huku akiimba.

Niliingia ndani kutafuta kasoro. Huo ndio ukweli wa wivu: haukai bure, unafanya kazi kama mkaguzi. Nikakagua kuta, nikakagua kamba, nikatikisa nguzo. Kila kitu kilikuwa imara. Mwisho nikalala chali kwenye mkeka, nikatazama juu kati ya majani, nikitafuta mbingu ili niseme kwamba wamefuma kwa kubana mno.

Sikuona mbingu. Niliona maparachichi.

Yalikuwa yananing'inia mengi, makubwa, yamenitazama. Mparachichi wao mkongwe ulikuwa umetandaza matawi juu ya kibanda chote, toka ukuta hadi ukuta.

"Baba Debora!" nilipiga kelele, na nawaambia sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyeokota almasi. "Shikamoo, Baba Debora! Mbona mbingu yenu ina maparachichi?"

Watu walicheka, kisha wakanyamaza mmoja baada ya mwingine kadiri walivyoelewa. Babu Yosefu aliletwa kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa na goti bovu, na kila alipoinama kuingia mahali alilalamika kwa Kiyemeni. Akaingia, akainua uso, akatoka.

"Natani," alimwambia Baba Debora, akimwita kwa jina lake kama wakubwa wanavyofanya na wadogo zao, "mtoto huyu anasema kweli. Kibanda chini ya mti si kibanda. Umemjengea nani hiki, nyani?"

Sasa kicheko kikawa kikubwa. Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Baba Debora alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Jamani," alisema, "uzee huu. Nimejenga vibanda tangu sijaoa. Nimesahauje?"

"Ukate mti," alisema mmoja.

"Mti wa marehemu mama yangu? Hapana."

"Basi toa tofali."

"Tofali zile kwa leo? Jua litatuchwea hapa."

Walitazama huku na huku. Shamba lote lilikuwa miti: kahawa chini ya migomba, migomba chini ya miti ya kizungu ile mirefu ambayo sikuwahi kujua jina lake. Nyumba ya sala ua wake ni bati. Wengine walikaa ghorofani. Nakumbuka jinsi Baba Debora alivyogeuka, taratibu, akamtazama baba yangu.

"Baba Miriamu," alisema, "pale kwenu Kaloleni uani kuna mti?"

Swali hilo liliniingia kama sindano. Uani kwetu hakukuwa na mti. Hakukuwa na kitu. Zamani kulikuwa na mwarobaini, mizizi ikavunja mfereji wa maji machafu, mwenye nyumba akaukata. Palibaki uwanja mtupu wa udongo mgumu, vyumba vya wapangaji pande tatu, na kamba za nguo. Mwaka uliotangulia Debora aliwahi kuja kwetu akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa mnachezea wapi?" Nilitaka Baba aseme uongo.

"Hakuna mti," alisema Baba. Kisha akaongeza, polepole, kama mtu anayeonja maneno yake mwenyewe, "Kwetu kuna nafasi."

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Nguzo ziling'olewa, zikapakiwa kwenye pikapu pamoja na majani na makomamanga ya karatasi, Debora analia kwa kwikwi nyuma ya mama yake. Nami nilifurahi. Nilifurahi njia nzima, mpaka tulipofika Kaloleni nikakumbuka kwamba uwanja ule si wetu. Ulikuwa wa Bibi Zuhura, mwenye nyumba, Mwislamu wa Kondoa, mama mkubwa mwenye sauti ya kuongoza kwaya kama angekuwa Mlutheri.

Baba alimwamkia, akaeleza. Bibi Zuhura alisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda chake, ungo wa mchele mapajani.

"Siku saba?" aliuliza.

"Siku saba, Bibi."

"Mtapika?"

"Tutapika."

"Na mimi nitakula nini, harufu?"

"Wewe ndiye mgeni wa kwanza, Bibi."

"Mgeni uani kwangu mwenyewe! Haya makubwa." Alitikisa ungo. "Zuhura mimi, nimeona mambo. Zainabu! Anueni nguo zenu, nyumba ya Mungu inakuja." Kisha akamgeukia Baba, sauti imeshuka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jengeni, mwanangu. Nawaazima na udongo."

Walijenga, na wapangaji wote wakajenga nao. Kijana mmoja fundi rangi alishika ngazi. Zainabu, mpangaji wa chumba cha kona, alitoa kanga zake mbili za kuziba pengo la ukuta, na Babu Yosefu akasoma methali iliyoandikwa kwenye kanga, akatamka kwamba haina kosa. Mama aliazima viti kutoka vyumba vyote, akachemsha maji ya chai katika sufuria la harusi, akakanda unga wa maandazi mpaka mikono ikawa myeupe hadi kwenye viwiko. Jua lilipokuwa likishuka magharibi, kulikuwa na kibanda katikati ya uwanja wetu mtupu, na juu yake hakukuwa na kitu hata kimoja hadi mbinguni.

Jioni ile wao ndio walioshuka kwa miguu. Niliwasubiri getini na jagi la maji. Viatu vyeupe vya Debora vilikuwa vya kahawia.

"Karibuni kwetu," nilisema.

Nilikuwa nimesubiri miaka mingi kuyasema maneno hayo, na yalitoka haraka mno, kama mtu anayetema. Debora alinawa bila kunitazama. Ndani ya kibanda akakaa mkekani, miguu ameikunja, mikono kati ya magoti. Nilipoanza kuzungusha sahani ya maandazi akainuka.

"Nikusaidie."

"Kaa. Wewe mgeni."

"Mimi si mgeni. Nguzo ni zetu."

"Nguzo zenu, uwanja wetu."

"Uwanja wa Bibi Zuhura."

"Na mimi Bibi Zuhura nasema akae," ilisikika kutoka kiti cha pembeni, andazi mdomoni. "Msichana ametembea mlima mzima. Mpe mawili."

Nikampa mawili. Akayashika tu. Hakujua la kuyafanya. Alikuwa amekaa vilevile kama nilivyokuwa nikikaa kwao, akijifanya mdogo ili asichukue nafasi kubwa, na nilipoliona hilo nilitegemea kufurahi. Nilikaa nikiisubiri furaha kama unavyosubiri maji ya bomba la mtaani. Ilikuja, lakini ya kutu.

Mama yake alikuwa tofauti. Mama Debora alikula maandazi, akasifu, akala tena, akamwambia Mama mbele za watu, "Mama Miriamu, nifungie kidogo ya asubuhi, kwangu hakuna wa kukanda hivi." Mama aliinuka kwenda kufunga, na nikaona anajizuia kucheka kwa furaha, amebana midomo kama msichana.

Na Baba. Baba alisimama kwenye uwazi wa kibanda akimkaribisha kila aliyepita: watu wetu, wapangaji, mpita njia aliyechungulia akidhani kuna msiba. "Karibu, karibu ndani, pana nafasi." Mabega yalikuwa juu. Kwa siku saba alikuwa mrefu. Alitoka kazini mapema, akaketi mbele, akagawa nyama kwa mkono wake, na Baba Debora akakaa chini yake, kwenye mkeka, akipokea sahani kwa mikono miwili.

Tangu mwaka huo kibanda kilianza kuzunguka. Tofali za Baba Debora zilikaa pale pale miaka, zikaota majani. Chumba hakikujengwa. Na yeye akapata jina. Kila Sikukuu ya Vibanda lazima mtu aseme, "Mzee Parachichi, mwaka huu umekagua juu?" na kila mtu aangue kicheko, na yeye acheke nao, akijishika kichwa vilevile kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo, nimekaa nyumbani nasubiri majibu ya maombi ya kazi, ndipo tofali zile ziliponirudia akilini. Mtu asiye na kazi hufikiri sana, na mimi hata nikiwa na kazi nyingi nafikiri kupita kiasi. Mtu aliyejenga vibanda tangu hajaoa. Mtu anayemwaga tofali za chumba mahali pa kibanda, mwezi wa sikukuu, na chumba asijenge. Mtu ambaye, kati ya jamaa nzima, alimwuliza Baba peke yake kama kwao kuna mti, huku binti yake alishafika kwetu na bila shaka alisimulia. Nilijiona mjinga. Miaka yote nilidhani siku ile mimi ndiye niliyemwumbua. Huenda alikuwa amesimama tu pale chini ya mparachichi wa mama yake, anasubiri kwa subira mtu yeyote mwenye macho ainue kichwa.

Nilimweleza Mama. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano ya cherehani.

"Unawaza sana wewe," alisema. "Mzee alisahau."

"Na tofali, Mama?"

"Nishikie taa hapa."

Nikamwendea Baba Debora mwenyewe. Nilimwamkia, nikamwuliza moja kwa moja kama mwaka ule kweli alisahau.

"Marahaba. Mwaka upi, mwanangu?"

"Wa maparachichi."

Alicheka sana. "Mimi ni mzee, Miriamu. Nasahau mengi." Hakuniambia kama alikuwa anasahau sasa au alisahau wakati ule, na macho yake akayapeleka dirishani, kama alivyofanya binti yake siku ya lile gauni.

Basi wivu wangu haujaisha, umepanda tu ngazi. Kama nilichofikiri ni kweli, basi hata siku zile saba, siku pekee tulizowahi kutoa, walitupa wao. Na walitoa kilicho ghali kuliko asali: mzee mzima alikubali awe kichekesho cha jamaa yake maisha yake yote, ili mwanamume mwingine anyooshe mgongo. Ningependa kuwa na moyo wa namna hiyo. Kila nikijaribu kutoa kitu najikuta natazama pembeni kuona nani ananiona.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi sasa. Mwaka jana tulikuwa kibandani, utani ukaanza kama kawaida, "Mzee Parachichi, umekagua juu?", na kwa mara ya kwanza sikucheka. Nilikuwa natazama nyuso. Wote walicheka, hata watoto wasiojua kisa. Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na Baba Debora, anamjazia kikombe chake chai, taratibu, mpaka juu. Nikaanza kurudi nyuma kichwani, sikukuu moja baada ya nyingine, na sikumbuki hata mara moja ambapo Baba yangu aliucheka utani ule.

Sijamwuliza kama alijua. Nikimwuliza, nitakuwa nimemnyang'anya siku zake saba.